Baiskeli ya resi kwa laki nne na nusu: kisa cha mwalimu wa Kisesa

Mdogo wangu anafundisha shule ya msingi Kisesa na amepanga chumba Mabatini, Mwanza, juu kule ambako nyumba zimeegemea mawe. Kwa miaka miwili alikwenda kazini kwa daladala na kurudi kwa daladala, na akifika tarehe 20 ya mwezi anaanza kuhesabu nauli. Mwezi wa saba mwaka jana akanipigia simu. "Shikamoo kaka. Nimeshika laki nne na nusu. Nataka baiskeli, lakini ya resi, siyo ya kubebea mkaa." Akaongeza kwamba ameshaiona, nyekundu, na muuzaji amemwambia yuko mteja mwingine anaivizia.

Nilimwomba asubiri hadi Jumamosi. Nimeendesha baiskeli za resi kwenye barabara za Kanda ya Ziwa miaka mingi, na nimeona watu wengi wakinunua rangi na jina la gia, halafu miezi mitatu baadaye baiskeli imening'inizwa ukutani kwa kukosa tairi. Naeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nina msimamo na ninaushikilia: mtu wa huku mwenye fedha ya kuhesabu aanze kuchagua baiskeli kwenye gurudumu, yaani ile namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi. Akitoka hapo aangalie urefu wake mwenyewe. Gia zinakuja za tatu.

Njia na mwendeshaji

Kutoka Mabatini unashika barabara ya Musoma: Buzuruga, Nyakato, Igoma, halafu Kisesa. Ni kama kilomita 15. Lami ipo mwanzo hadi mwisho, ila kuna matuta, kuna rasta zinazokutikisa meno, na pembeni mchanga umekaa juu ya lami, hasa baada ya mvua. Vilima si vikali mpaka pale unapoacha barabara kuu na kupanda kwake Mabatini.

Jambo ambalo hakuwa amelifikiria ni upepo. Asubuhi na mapema hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana joto likishapanda hugeuka, inatoka ziwani kuja nchi kavu. Yeye asubuhi anaelekea mashariki, jioni anarudi magharibi. Kwa hiyo upepo utamkabili usoni kwenda na kurudi, na wa jioni ndio mkali, wakati ameshachoka kusimama darasani. Hapo tu nilijua hatahitaji gia za kukimbilia mashindano. Anahitaji nyepesi.

Tulimpima sebuleni kwake. Urefu sentimita 158. Kisha nikamsimamisha peku, mgongo ukutani, akabana kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukingo wake mmoja umelala ukutani, akakivuta juu mpaka kikagota. Kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni: sentimita 73. Namba hii ndiyo muhimu kuliko urefu wa mwili. Ukiizidisha kwa 0.67 unapata takriban saizi ya fremu ya resi, kutoka katikati ya ekseli ya kranki (kranki ni ile mikono inayoshika pedali) hadi mwisho wa bomba la kiti; kwake ni 49. Ukiizidisha kwa 0.883 unapata urefu wa kiti kutoka ekseli ile ile. Kwake ni 64 na nusu. Si sheria ya kukatia mtu mguu, ni mahali pa kuanzia. Lakini ukishakuwa nazo kwenye karatasi, muuzaji hawezi tena kukuambia "utazoea".

Tatu tulizoziona

Ya kwanza ilikuwa mpya dukani, 380,000, ya gia 21, springi mbele, springi katikati, breki za sahani. Tairi zake, inchi 26 za baiskeli za milimani, zinauzwa kila kona ya Mwanza, na hilo ni jambo kubwa kwa upande wake. Ila ni nzito, na springi za bei hiyo hubonyea kila unapokanyaga pedali, nguvu inaishia humo badala ya kwenda barabarani. Kwa kilomita 30 kwa siku kwenye lami, hapana. Hatukukaa hapo dakika kumi.

Ya pili ni ile nyekundu. Ilikuwa kwa muuzaji wa mtumba, njia ya Mlango Mmoja, na kweli ilikuwa nzuri. Fremu ya aluminiamu, usukani wa pembe za kondoo, gia 20 zinazobadilishwa kwenye mikono ile ile ya breki. Bei 550,000, "kwa ajili yako dada, laki tano".

Nikatoa futi. Kutoka ekseli hadi mwisho wa bomba la kiti: 56. Sentimita saba zaidi ya anazohitaji. Aliposimama juu yake alikuwa kwenye ncha za vidole. Muuzaji akasema kiti kinashuka. Sawa, kiti kinashuka, lakini bomba la juu halifupiki. Mtu mfupi kwenye fremu ndefu anaushika usukani kama anayenyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, na baada ya nusu saa maumivu yanahamia shingoni. Tukajaribu kukishusha hicho kiti: bomba lake lilikuwa limegandana na fremu, halisogei hata kwa kupigapiga. Bomba la kiti lililoganda linaweza kuigharimu fremu nzima, kwa hiyo lifunguliwe na kusogezwa mbele ya macho yako kabla hujatoa hela.

Nikamwomba mdogo wangu aazime rula ya shule kwa mtoto aliyekuwa anauza karanga pale. Mnyororo wa baiskeli umegawanyika kwa nusu inchi: kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukiweka sifuri katikati ya pini moja na ile ya mwisho ikatue 12 na moja ya 16, mnyororo umechoka, ubadilishe. Ikitua 12 na moja ya 8, umeshakula na meno ya nyuma, utabadilisha vyote viwili. Wa ile nyekundu ulipita 12 na moja ya 8. Mwalimu alisoma mwenyewe, mara mbili, kidole kikiwa cheusi kwa grisi, na sikuhitaji kumweleza zaidi.

Lakini nitaeleza zaidi kwa ajili ya msomaji. Seti ya gia kumi za nyuma na mnyororo wake hatukuikuta kwenye maduka manne tuliyozunguka siku hiyo. Mkono wa kushoto ulikuwa haukamati gia. Mara nyingi ni grisi ya ndani iliyokauka, na mafuta mepesi huifufua, ila ukiwa umevunjika ndani, huna pa kuupata hapa karibu. Gurudumu la nyuma lilikuwa na spoku 20. Gurudumu la spoku 36 likikatika spoku moja unalegeza breki kidogo na kufika nyumbani. La spoku 20 likikatika moja, rimu inayumba mpaka inasugua fremu, na umekwama Igoma na madaftari ya watoto mgongoni.

Simlaumu aliyeitamani. Baiskeli ile ingefaa kwa mtu mrefu mwenye ndugu wa kumtumia vipuri kutoka nje.

Ya tatu tuliipata kwa kuuliza. Mzee mmoja mstaafu, Igoma, alikuwa na baiskeli ya resi ya zamani aliyoiweka stoo tangu magoti yalipomkataa. "Mwangaluka, baba," mdogo wangu akamsalimia kwa Kisukuma, na mzee akafurahi, akaitoa mwenyewe huku akiifuta vumbi kwa kanga. Ya Japani, fremu ya chuma chepesi cha kromoli, mabomba membamba, swichi mbili ndogo za gia zimefungwa kwenye bomba la chini. Fremu: 50. Ekseli ya kranki nikaishika na kuitikisa, haikucheza. Nikainua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani polepole. Kama gololi za shingoni zimechimba vikombe vyake, usukani hunata ukifika katikati, na huu haukunata. Nikalala chini kuangalia rangi chini ya bomba la chini, pale linapokutana na shingo. Baiskeli iliyogonga kitu kwa nguvu hukunja rangi hapo kabla ya kukunja chochote kingine. Ilikuwa safi. Bomba la kiti likalegezwa, likalia, likateremka.

Alitaka 220,000. Tukaelewana 190,000.

Namba 630

Sasa ndio tukafika kwenye gurudumu, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa.

Tairi za mzee zilikuwa zimekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Nililowesha kidole nikasugua ubavu mpaka namba zikatokea: 27 mara 1¼, na pembeni yake 32-630. Namba ya inchi ni ya kukadiria, haikufungi kwenye chochote. Ya kushika ni hiyo ya pili: 32 ni upana wa tairi kwa milimita, na 630 ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Tairi na rimu lazima zilingane kwenye hiyo ya pili.

Baiskeli za mzigo, Phoenix na ndugu zake, zina tairi la 28 mara 1½, ambalo ni 635. Baiskeli za resi za kisasa ni 622. Baiskeli za milimani za inchi 29 nazo ni 622. Jina tofauti, rimu kipenyo kile kile. Zile za 26 za milimani ni 559. Kwa hiyo 630 ya mzee ilikuwa katikati ya 622 na 635, zote mbili unazipata Mwanza, na yenyewe huipati. Fundi kijana aliyekuwepo akapendekeza tuvalishe la Phoenix, "tofauti ni milimita tano tu mwalimu". Milimita tano kwenye kipenyo ni tairi lililolegea. Ukilijaza upepo linapanda upande mmoja, tyubu inatokeza, na siku ya kupasuka inaweza kukukuta unateremka na lori nyuma yako. Nilikataa, na ningekataa hata kama fedha ingekuwa imeisha kabisa.

Njia iliyobaki ni kubadilisha magurudumu yote mawili kuwa ya 622. Tulipata jozi ya mtumba kwa 90,000, rimu za aluminiamu, spoku 36 kila moja. Hili la aluminiamu ni la usalama. Rimu za zamani za mzee zilikuwa za chuma cha kung'aa, na chuma hicho kikilowa raba za breki huteleza juu yake. Unabana na baiskeli inaendelea. Mwalimu anayekwenda kazini miezi ya vuli na masika hawezi kutegemea hizo.

Vikwazo vilikuwa viwili. Rimu ya 622 ni ndogo kwa milimita 8, maana yake ukingo wake umeshuka milimita 4 chini ya pale raba za breki zilipokuwa zinagusa. Tukalegeza raba, tukazisukuma chini kwenye mfereji wake, zikafika, zikabakiza nafasi ya kama milimita mbili. Zingegoma, tungetafuta breki zenye mikono mirefu zaidi. Pili, habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa pana kwa milimita 130 na fremu ya zamani ina nafasi ya 126. Chuma kinapinda bila kukasirika: unatanua miguu ya nyuma kwa mikono, milimita mbili kila upande, gurudumu linaingia. Fremu ya aluminiamu usiifanyie hivyo kamwe, hiyo hupasuka.

Na kwa kuwa gurudumu limepungua, nafasi ya tairi imeongezeka. Tukaweka tairi za upana wa 32 badala ya zile nyembamba za 23 anazoziona kwenye picha. Rasta za Nyakato na kokoto za pembeni zinataka tairi lenye nyama. Tyubu tukachagua zenye mdomo wa pikipiki, ili pampu yoyote ya wajaza upepo wa bodaboda imfae. Upepo kwa uzito wake tulianza na paundi 55 hadi 60. Mafundi wetu hupenda kujaza mpaka tairi liwe jiwe, na jiwe halishiki lami.

Gia, kwa vipuri vilivyopo

Mzee alikuwa ameendesha na meno 52 na 42 mbele, nyuma 14 hadi 24. Mzunguko mmoja wa gurudumu lenye tairi ni kama mita 2.1. Kwenye gia yake nyepesi, 42 kwa 24, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea karibu mita 3.7. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo si haraka, tayari uko kwenye mwendo wa kilomita 13 kwa saa. Kwenye mlima wa Mabatini huwezi kwenda 13. Utakanyaga polepole zaidi, na kukanyaga polepole kwa nguvu ndiko kunakoua magoti, kama mzee mwenyewe alivyotuonyesha kwa kuligusa lake.

Nikachagua vipuri vya baiskeli za milimani za bei rahisi, vinavyoning'inia kwenye kila duka: friwili (ile seti ya meno ya nyuma) ya gia saba, meno 14 hadi 28, na kranki yenye duara tatu za meno, 42, 34 na 24. Kwa 34 kwa 28, mzunguko mmoja wa pedali ni mita 2.55, mizunguko 60 ni kilomita 9 kwa saa. Kwa 42 kwa 14 ni mita 6.3, akikanyaga mizunguko 80 anakwenda kilomita 30 kwa saa. Anayetaka kushinda mbio hapo atalalamika. Yeye hapigi mbio, anawahi kengele ya saa moja na nusu.

Swichi zile mbili za bomba la chini hazina tiki-tiki. Unasukuma mpaka usikie mnyororo umetulia. Kwa sababu hiyo hazichagui: ziko tayari kwa friwili ya gia tano, sita au saba, ya kampuni yoyote. Na mnyororo wa gia sita, saba na nane ni wa upana mmoja, ndio wa bei ya chini na ndio ulioko dukani. Kama angekuwa ananunua mpya, ningemwambia vivyo hivyo: kati ya seti za gia za resi za kampuni ya Shimano, Claris ya gia nane inatumia mnyororo huo huo, na kwa mtu wa hapa hilo lina thamani kuliko gia mbili za ziada.

Tulipokosea

Kosa langu lilikuwa kwenye ekseli ya kranki. Niliona matundu ya pembe nne yanaingia vizuri nikadhani kazi imekwisha. Tulipofunga, meno ya 24 yakagusa fremu. Kranki yenye duara tatu za meno inataka ekseli ndefu zaidi. Ikabidi tununue ekseli nzima iliyofungwa na beringi zake, ya milimita 122, kwa 12,000, na bahati yetu uzi wa fremu za Japani za resi ni ule ule wa baiskeli za milimani.

Kuitoa ya zamani nako kulikuwa na kisa. Fundi kijana alikuwa anafungua kikombe cha kulia kinachoshika ekseli kwa kuzungusha kinyume na saa, kama skrubu nyingine zote. Kikombe cha upande wa mnyororo kina uzi wa kinyume, kinafunguka kwa kufuata saa. Alikuwa ameshaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi nilipofika kutoka kununua maji. Dakika nyingine mbili angekula uzi wa fremu.

Kihamisha mnyororo cha mbele hakifiki kwenye meno 24. Tulikishusha, kinafanya kazi kwa 42 na 34. Siku akibeba mzigo wa vitabu, chini ya mlima anashuka, anahamisha mnyororo kwa kidole, anapanda.

Hesabu yote: baiskeli 190,000, magurudumu 90,000, tairi na tyubu 60,000, kranki 35,000, friwili na mnyororo 30,000, waya na raba za breki 15,000, fundi 25,000, na ile ekseli 12,000. Jumla 457,000. Elfu saba juu ya bajeti, nilizilipa mimi kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ile nyekundu ingeanza na laki tano kabla ya mnyororo, meno na gurudumu, na bado ingebaki kubwa.

Miezi kadhaa sasa. Anatumia chini ya saa moja kwenda, na jioni saa moja na dakika chache upepo ukiwa mkali. Amepata pancha tatu, zote za misumari midogo, na kila mara amepona kwa kiraka hapo hapo barabarani. Spoku mbili zililegea katika mwezi wake wa kwanza wa kuiendesha, kama inavyotokea kwa gurudumu lililoguswa upya, fundi akazikaza.

Kilichokuwa kinamsumbua ni mikono ya breki. Imetengenezwa kwa viganja vya wanaume, na vidole vyake vilikuwa vinaifikia kwa ncha tu, hasa kuteremka kutoka kwake asubuhi. Wiki iliyopita tulikata vipande viwili vya ndala ya zamani, unene wa kidole cha mwisho, tukavichomeka kwenye mzizi wa kila mkono, pale unapokaa ukiwa umeachiwa. Mikono sasa inapumzika karibu na usukani. Tukavuta waya upya kufidia, akateremka mpaka barabarani na kurudi, akasema kwa mara ya kwanza amebana breki kwa vidole viwili vizima.